Ufunguo umeondoka na zamu ya mchana, mama anatoka damu leba

Mkunga wa Usiku (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Humu nimekuwa msomaji wa kimyakimya kwa miaka. Leo nimeamua kuandika kwa sababu kila wiki naona uzi wa "manesi wana roho mbaya" na chini yake watu mia wameshakubali. Mimi ni nesi mkunga, mwaka wa 14 huu kazini, hospitali ya wilaya. Jina lake sitaji na mkoa msiniulize.

Roho mbaya zipo, sibishi. Nimefanya kazi nazo. Ila kwa nilivyoona, wagonjwa wengi tunaowapoteza hawauawi na roho ya mtu. Wanapotelea njiani: kati ya zamu na zamu, kati ya wodi na maabara, kati ya zahanati na sisi.

Niwape kisa kimoja. Saa 9 usiku, mama wa uzao wa nne kajifungua salama, mtoto kalia vizuri, nimeshamfunika. Dakika chache baadaye naona damu haikati. Nikaanza kukanda kizazi, nikamwambia mwenzangu alete oksitosini nyingine, ile sindano ya kukaza kizazi. Friji ya dawa ina kufuli. Ufunguo? Sista wa mchana kamaliza zamu, kavua koti, kapanda bodaboda, kaondoka nao mfukoni. Simu yake haipatikani, kalala.

Msimhukumu haraka. Kufuli liliwekwa kwa sababu mwezi uliotangulia dawa zilipotea, na ikaamriwa ufunguo ushikwe na mtu mmoja tu. Mhudumu akakimbia wodi ya upasuaji kuazima. Huko nako nesi yuko peke yake na mgonjwa anayetapika. Mimi nimebana kizazi kwa mikono miwili, natazama saa ya ukutani iliyosimama tangu Pasaka, kwa hiyo hata nikiulizwa leo ilichukua dakika ngapi, siwezi kusema.

Mama alipona. Aliongezewa chupa mbili za damu.

Asubuhi kwenye kikao, swali la kwanza: "Nani alikuwa zamu?" Sista akaandikiwa barua ya kujieleza, akajieleza, barua ikaingia kwenye faili. Ufunguo ukabaki mmoja. Miezi mitatu baadaye ukaondoka tena, safari hii na mtu mwingine kabisa, mtaratibu kuliko sisi wote.

Hapo ndipo nilipoanza kuhesabu ni mara ngapi tunatafuta mtu wakati kinachotakiwa kutafutwa ni msumari wa kutundikia ufunguo. Nataka tujadili hilo. Karibuni, na matusi wekeni akiba.

Chachandu

Naweka kambi. Ngoja waje wenye taaluma yao.

Daktari Mchovu

Sista, nimekusoma na nakuheshimu, lakini niseme kitu. Hizi habari za "tushirikiane, tuboreshe mifumo" mimi zinanichosha. Mwezi uliopita nilikuwa daktari pekee wa zamu kwa hospitali nzima. Dharura, watoto, theata, wote mimi. Leba kulikuwa na mkunga mmoja na akina mama tisa. Huyo ashirikiane na nani? Na kivuli chake?

Kila akija mgeni kutoka juu anatuambia tubadilishe mtazamo. Hakuna aliyekuja na madaktari wawili kwenye gari. Ukisema tatizo ni mfumo, mwenye kutoa ajira anapumua, maana anajua utaishia kununua msumari wa ufunguo.

Samahani kwa ukali. Natoka zamu sasa hivi.

Mkunga wa Usiku

Daktari, pole na zamu. Upungufu wa watu ni wa kweli na hakuna msumari utakaozaa mkunga wa pili. Hilo sitalizunguka.

Lakini sikia hili la damu, kwa sababu ndilo lililonibadilisha mawazo. Sisi tulikuwa tunakadiria damu kwa macho. Khanga moja imelowa, pedi mbili, kidogo kwenye beseni, basi unaandika "mililita 300". Nilikuja kugundua wodini kwetu karibu kila mama ametoka mililita 300! Hata yule wa chupa mbili, ukifungua faili lake, mstari wa kwanza unasema 300.

Kuna utafiti ulifanyika kwenye hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania, matokeo yakatoka Mei 2023. Unaitwa E-MOTIVE. Walifanya nini? Chini ya mama aliyejifungua waliweka mfuko wa plastiki wenye mistari ya vipimo, damu inaingia mle, unasoma kama unavyosoma mafuta kwenye kidumu. Ikifika kiwango cha hatari husubiri mtu akubali kwamba ni nyingi. Unaanza mambo matano kwa pamoja: kukanda kizazi, oksitosini, dawa ya kuzuia damu kutoka, dripu, na kumkagua mama ujue damu inatoka wapi, huku mwenzako anaita msaada. Zamani tulifanya moja, tunasubiri, likishindikana tunaenda la pili. Ngazi kwa ngazi, na damu nayo inashuka ngazi.

Kwenye hospitali zilizoendelea na utaratibu wa zamani, karibu nusu ya akina mama waliotoka damu nyingi hawakugundulika kwa wakati. Kwenye zile za mfuko waligundulika 93 katika kila 100. Na wale waliofika pabaya kabisa, ama damu kupita lita moja, ama kufunguliwa tumbo, ama kufa, walipungua kutoka asilimia 4.3 hadi 1.6.

Sasa daktari, katika yale matano hakuna hata moja ambalo tulikuwa hatulijui. Chuoni tumeyafundishwa yote. Kilichobadilika ni mfuko, mpangilio wa kuyafanya pamoja, na dawa kukaa sehemu moja inayofikika. Boksi moja, bila kufuli. Ndiyo maana nang'ang'ania ufunguo.

Mama Wawili

Mimi si wa afya, ni mteja wenu. Naweza kuchangia?

Mimba yangu ya pili niliandikiwa kwenye kadi kwa wino mwekundu: ana mzio wa penisilini. Siku ya kujifungua niliulizwa maswali yaleyale na watu watano. Jina, umri, uzao wa ngapi, ulikula saa ngapi. Kila mmoja anaandika kwenye karatasi yake. Nikafikiri, basi angalau hili la mzio watakuwa wamelishika.

Kesho yake zamu imebadilika, anakuja dada na sindano. Nikamuuliza, "Dada samahani, hiyo ni dawa gani?" Akanijibu, "Kwani wewe ni daktari?" Mama yangu mzazi ndiye aliyesimama mlangoni akasema hachomwi mtu hapa mpaka kadi isomwe. Kadi ikasomwa. Ilikuwa dawa ya jamii ya penisilini. Yule dada alikaa chini kwenye kitanda changu, mikono inamtetemeka, akaniomba radhi. Wala sikumchukia, alikuwa ameambiwa tu "kitanda namba sita, sindano ya saa nne".

Ninachouliza: hiyo timu mnayoisema, sisi wagonjwa tumo? Maana mimi ndiye pekee niliyekuwepo zamu zote tatu.

Chachandu

Hiyo ya mwisho imenikalisha.

Mzee wa Forodhani

Vijana hamjambo. Nimestaafu uuguzi, sasa nafuga kuku.

Mkunga, haya ya kupanga vitu si mageni. Hospitali ya rufaa ya Mbeya ilianza mtindo wa Wajapani mwaka 2007, watu wa Mbeya waliuchukua baada ya kuuona Sri Lanka, kwenye hospitali ya akina mama ya Castle Street pale Colombo. S tano: sasambua (toa visivyohitajika), seti, safisha, sanifisha, shikilia. Kisha ukaenezwa nchi nzima. Mimi niliudharau. Nikasema tumesomea uuguzi, leo tunafundishwa kupanga kabati?

Tukasasambua stoo yetu. Tulitoa vitanda vibovu, mashine ya mvuke ambayo hakuna aliyejua iliingia lini, na maboksi ya glavu tuliyokuwa tunawaambia ndugu wa wagonjwa wakanunue nje. Tulikuwa nazo! Zimelaliwa na magodoro.

Tatizo letu likawa S ya tano. Shikilia. Aliyeusimamia akahamishwa, mwaka mmoja baadaye bango lipo ukutani limepauka na magodoro yamerudi palepale.

Mkunga wa Usiku

Shikamoo mzee. Hilo la kuhamishwa mtu na kazi ikafa nalijua vizuri mno.

Otieno wa Mtaa

Nawasalimu kutoka Nairobi. Mnakumbuka kisa cha 2018 hapa kwetu? Hospitali kubwa, wagonjwa wawili wanaume, mmoja ana damu iliyoganda kichwani anahitaji upasuaji, mwingine ana uvimbe tu usiohitaji kisu. Vibandiko vya majina vikabadilishana. Daktari akafungua fuvu, akatafuta kwa saa kadhaa lile donge la damu, halipo. Kumbe siye.

Daktari na wauguzi wakasimamishwa kazi, magazeti yakapiga kelele, wenzao nao wakaandamana kumtetea. Nchi nzima ilibishana kuhusu yule daktari. Mimi nilikuwa nikijiuliza, kutoka wodini mpaka kisu kushika kichwa, huyu mgonjwa amepitia mikono ya watu wangapi? Kila mmoja aliamini aliyetangulia ameshahakikisha. Huyo ni mfumo unaofanya kazi kwa imani kama kanisa.

Fundi wa Usingizi

Mimi ni wa nusu kaputi, theata ndiyo nyumbani kwangu, kwa hiyo la Otieno naliingilia.

Dawa ya tatizo hilo ipo tangu 2008. Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi, vipengele 19, unasimama mara tatu: kabla sijamlaza mgonjwa, kabla kisu hakijashuka, kabla hajatoka theata. Ilijaribiwa kwenye hospitali nane za miji tofauti duniani. London na Seattle zilikuwemo, na Ifakara yetu ilikuwemo. Matokeo ya 2009: vifo baada ya upasuaji kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, madhara makubwa kutoka 11 hadi 7. Dunia nzima ikashangilia.

Sasa msishangilie sana. Ontario, Kanada, serikali iliamuru hospitali zote zitumie. Wakaja kupima hospitali 101, majibu yakatoka 2014: hakuna tofauti ya maana. Orodha ileile.

Mimi sikuhitaji kusoma ya Kanada kuelewa kwa nini. Kwenye theata moja niliyopita nilikuta fomu ya mgonjwa imetikiwa vipengele vyote 19, pamoja na "hesabu ya gozi imekamilika" (vile vitambaa vya kufyonza damu), na mgonjwa mwenyewe bado yuko wodini anasubiri toroli. Ijumaa mtu anakaa na kalamu anatiki za wiki nzima ili mkaguzi akija azikute.

Ninapofanya kazi sasa, tumeacha kukimbilia kalamu. Tunasimama, kila mtu anataja jina lake na kazi yake kwa sauti. Wiki za kwanza ilikuwa aibu tupu, watu wanacheka. Mhudumu wetu, mama mtu mzima, alikuwa hajawahi kusema neno mbele ya daktari bingwa. Akataja jina lake. Wiki kama ya tatu, tunakaribia kufunga tumbo, akasema kwa sauti ndogo, "Daktari, mimi nimehesabu gozi moja haipo." Ukimya. Bingwa akarudisha mkono ndani, akaitoa.

Kabla ya pale huyu mama angenyamaza. Angewaza, nani nimwambie bingwa kuhesabu?

Daktari Mchovu

Nimelala, nimeamka, nimesoma upya kwa utulivu. La gozi limenigusa kwa sababu mimi ndiye daktari ambaye watu hawamwambii. Nikiwa nimechoka najibu vibaya, najijua. Ukijibiwa vibaya mara mbili, ya tatu unanyamaza.

Lakini bado nina swali. Haya mafunzo tunayapata wapi? Kila semina ninayokwenda ni hotelini, siku tatu, unarudi na begi na cheti, na wodi haijabadilika hata kitasa.

Mkunga wa Usiku

Umeuliza swali nililokuwa nalisubiri. Jibu liko Haydom, huko Mbulu, mkoa wa Manyara.

Mwaka 2010 wakunga wa Haydom walifundishwa kwa siku moja namna ya kumsaidia mtoto anayezaliwa bila kupumua. Mnaijua ile dakika moja ya kwanza: mkaushe, msugue mgongo, asipolia mpe hewa kwa barakoa na mfuko wa kubana. Miezi saba baadaye wakapimwa. Kwenye mwanasesere wa mazoezi walifanya vizuri kuliko mwanzo. Wakaangaliwa leba yenyewe, na watoto halisi. Hakuna kilichobadilika! Ujuzi ulibaki kwenye mwanasesere.

Hawakuandika barua za kujieleza. Walileta mwanasesere akakaa palepale leba, na watu wakaanza kufanya mazoezi ya dakika tatu hadi tano kila wiki, katikati ya kazi, na kila mwezi kikao kirefu kidogo. Hapo ndipo vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua, kutoka 11.1 katika kila watoto 1,000 hadi 7.2. Watu walewale na jengo lilelile.

Baadaye mpango ukapanuliwa hospitali 30 kwenye mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yalichapishwa mwanzoni mwa 2025. Vifo vya watoto vilipungua, na kilichonishangaza zaidi, vifo vya akina mama ndani ya wiki ya kwanza vilishuka kutoka kama 240 hadi 60 katika kila uzazi 100,000. Mazoezi yale yalifanyika hospitalini penyewe, daktari. Ni kuchanganya watu wa zamu moja, wafanye pamoja, kisha wakae waulizane: tulikwama wapi? Nani alikuwa anafanya nini? Dawa ilikuwa wapi?

Nitasema ukweli wangu, kwetu mwanasesere tunaye. Amefungiwa ofisini asiharibike.

(Msicheke. Na huko nako kuna ufunguo.)

Kuhusu la Mama Wawili: ndiyo, mumo, na tumechelewa kuwaingiza. Tulichobadilisha sisi ni makabidhiano. Zamani tulikabidhiana mezani, anayetoka anasema "wagonjwa wote wanaendelea vizuri isipokuwa namba tisa", anavaa viatu. Sasa tunapita kitanda kwa kitanda, wanaotoka na wanaoingia, mama anasikia tunavyomsema. Juzi mmoja alitukatiza: "Sista, hilo la presha siyo langu, ni la huyu wa jirani." Inachukua dakika ishirini zaidi na wapo wanaoninunia kwa sababu ya gari za kurudi nyumbani. Bado naona inafaa.

Dereva Kijijini

Nami niongeze la barabarani. Nina Probox, niko kwenye mpango wa m-mama kama dereva wa jamii. Zahanati ikiwa na mama au kichanga wa dharura, inapigwa 115, simu ya bure. Anayepokea ana maswali yake kwenye kompyuta, anajua mgonjwa apelekwe kituo gani, anatafuta gari la wagonjwa. Likiwa mbali ananipigia mimi. Nikifikisha, malipo yanaingia kwenye simu. Sihitaji kumdai mume wa mtu nauli saa 8 usiku.

Zamani nilikuwa nabeba tu. Nafika getini, mlinzi ananiuliza "umemleta nani?", nesi anatoka anashangaa. Sasa nikifika wanakuwa wanajua naja na wanajua anaumwa nini. Ila wakuu, kuna hospitali nikifika toroli inatafutwa. Nimeendesha mwendo wa saa nzima kwenye matope, halafu tunasubiri toroli yenye tairi tatu.

Darubini

Mimi wa maabara. Nimesoma uzi wote nikisubiri mtu atukumbuke, hakuna, hata Mkunga mwenyewe ametutaja mara moja tu, tena kwa lawama!

Hali halisi ni hii. Saa 7 usiku napima damu ya mtoto, wingi wa damu ni 4. Huyo anatakiwa kuongezewa damu sasa hivi. Naandika jibu, naliweka kwenye trei. Kwa mazoea yetu kazi yangu imeishia hapo. Trei inachukuliwa asubuhi na mhudumu. Nimewahi kutoka mwenyewe na karatasi mkononi kutafuta wodi, nikaambiwa "weka hapo mezani". Na mkija kwetu ni kwa kugonga dirisha: "Majibu yetu yako wapi?"

Mkunga wa Usiku

Darubini, nisamehe. Uko sahihi na nimeona aibu. Hebu niambie, jibu la hatari kama hilo, ungetaka tufanyeje?

Darubini

Namba ya simu tu. Leba, watoto na dharura, kila wodi simu moja inayopokelewa usiku, siyo ya mkuu wa wodi aliyelala kwake. Mimi nipige, nitaje jina na jibu, anayepokea alirudie nisikie kama amesikia sawa, aandike saa. Basi.

Daktari Mchovu

Sisi kwetu hiyo simu ipo. Namba ziliandikwa kwenye karatasi ukutani kwa maabara mwaka juzi.

Darubini

Daktari, karatasi ipo hata kwetu. Nimeamka kuitazama sasa hivi. Namba mbili za mwisho zimeliwa na mende, na ya wodi ya watoto ni ya sista aliyehamia Dodoma. Nina kalamu ya wino mzito hapa. Kesho asubuhi nazunguka wodi zote tatu nachukua namba upya.

Mkunga wa Usiku

Ukifika leba uliza ya usiku, siyo ya mchana. Mimi naingia zamu saa 1:30. Na sisi msumari tumepigilia, uko nyuma ya mlango wa leba, kulia.